Thomas Cook: Mkereza mbao aliyewafungulia makabwela milango ya dunia

KABLA ya njia za reli kutapakaa barani Ulaya, kufika Roma kulikuwa sawa na kuvishwa kilemba. Katika karne ya 17 na ya 18, vijana wa makabaila wa Uingereza walipohitimu masomo walipelekwa Paris, Florence, Venice na hatimaye Roma, wakiandamana na mwalimu na watumishi. Wengine walikaa huko hata miaka mitatu. Waliporejea nyumbani walikuja na michoro, sanamu, maneno mawili matatu ya Kiitaliano, na visa ambavyo jirani hakuweza kuvipinga kwa kuwa yeye hakuwahi kuvuka mpaka wa wilaya yake. Sehemu kubwa ya fahari ya safari hiyo ilitokana na wingi wa watu wasioweza kuifunga.

Aliyeitia doa fahari hiyo hakuwa mwanamapinduzi wala mwanasiasa. Alikuwa mkereza mbao aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 10, mhubiri wa vijijini na adui mkubwa wa pombe. Jina lake ni Thomas Cook. Kwa karibu miaka 40 aliwasafirisha vibarua, makarani, walimu na wanawake wasio na wa kuwasindikiza hadi mahali ambapo wakubwa walipahesabu kuwa pao peke yao. Kwa kosa hilo alikejeliwa magazetini na wateja wake wakafananishwa na wahalifu.

Peni moja kwa siku

Cook alizaliwa Novemba 22, 1808 katika kijiji cha Melbourne, jimbo la Derbyshire, katikati mwa Uingereza. Babake, aliyekuwa kibarua, aliaga dunia Thomas akiwa bado mtoto mdogo, na mamake akaolewa tena. Ufukara ulimng'oa shuleni, akawa msaidizi wa mtunza bustani kwa ujira wa peni moja kwa siku. Alipotimiza miaka 14 aliingia katika karakana ya jamaa yake kujifunza useremala na ukerezaji wa mbao.

Mnamo 1828 aliajiriwa na Kanisa la Baptisti kuwa mhubiri wa kuzunguka vijijini. Hesabu aliyoiweka inaonyesha kwamba katika mwaka wa 1829 pekee alisafiri zaidi ya kilomita 4,300, na kati ya hizo takriban 3,400 alizipiga kwa miguu. Hizo ndizo zilikuwa safari za maskini wa wakati huo: safari za riziki na za wajibu, ambazo hakuna aliyezionea wivu.

Mwaka wa 1833 alimwoa Marianne Mason, akaishi katika mji mdogo wa Market Harborough na kula kiapo cha kutogusa pombe. Mwana wao, John Mason Cook, alizaliwa Januari 1834. Kwa Cook, ulevi ndio uliokuwa kidonda cha watu wa tabaka lake. Kibarua aliyepokea mshahara hakuwa na mahali pa kuburudika ila kilabuni, naye Cook aliamini kwamba akipatiwa mahali pengine pa kwenda, ataiacha chupa yenyewe. Wazo hilo la kidini ndilo lililozaa biashara ambayo baadaye ilienea duniani kote.

Safari ya shilingi moja

Mnamo Juni 9, 1841, Cook alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Market Harborough kwenda Leicester, mwendo wa kilomita 24 hivi, kuhudhuria mkutano wa kupinga ulevi. Njiani lilimjia wazo kwamba reli mpya ya eneo hilo ingeweza kukodiwa kuwabeba wanachama kwenda mkutano mwingine. Kampuni ya reli ilikubali. Julai 5, 1841, watu wapatao 500 walipanda garimoshi kutoka Leicester hadi Loughborough na kurudi, wengi wao katika mabehewa yasiyo na paa, kila mmoja akiwa amelipa shilingi moja. Bendi ilipigwa, chai ikanywewa, hotuba zikatolewa, na umati ukajipanga barabarani kuwatazama waliofika kana kwamba walitoka ng'ambo.

Cook hakuwa wa kwanza kuandaa safari ya kundi kwa garimoshi. Alichokileta ni mpango. Alipoandaa safari yake ya kwanza ya kibiashara, ile ya Liverpool mwaka wa 1845, alitangulia mwenyewe kuikagua njia, akapatana na wenye hoteli, akaandika kijitabu cha kumweleza msafiri ataona nini na atafanya nini. Mtu ambaye hakuwahi kulala nje ya kijiji chake alipata mtu wa kumshika mkono.

Mwaka uliofuata aligeukia Scotland. Nchi hiyo ilikuwa imepata jina kubwa kutokana na riwaya za Walter Scott, na Malkia Victoria alikuwa ameizuru mwaka wa 1842. Kwenda huko lilikuwa jambo la watu wenye nafasi. Cook aliwachukua watu wapatao 350 kwa garimoshi, kisha kwa meli, halafu kwa garimoshi tena hadi Glasgow, ambako walilakiwa kwa muziki. Safari yenyewe ilikuwa na taabu nyingi, na mwaka huohuo wa 1846 Cook alifilisika. Wengi wangeishia hapo. Yeye alianza upya.

Hofu ya umati

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka wa 1851, London ilipoandaa Maonyesho Makuu katika jumba la vioo lililojengwa Hyde Park. Wako wakubwa waliohofia kwamba makabwela wakiruhusiwa kumiminika jijini watafanya fujo na kuharibu vitu vya thamani. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu mapinduzi ya 1848 kuzitikisa tawala nyingi za Ulaya. Mchoraji wa jumba hilo, Joseph Paxton, ambaye naye alianza maisha akiwa mtunza bustani, alikuwa miongoni mwa waliomshawishi Cook awalete watu kutoka miji ya viwanda.

Cook alikwenda kutoka mji hadi mji akihimiza watu waweke akiba kidogo kidogo katika vyama vyao. Ushindani wa kampuni za reli uliishusha nauli ya kwenda na kurudi hadi shilingi tano. Kufikia mwisho wa maonyesho alikuwa amewasafirisha watu wapatao 150,000, na fujo iliyotabiriwa haikutokea. Watu wa viwandani walitazama mashine walizoziunda kwa mikono yao wenyewe, kisha wakarudi nyumbani.

Kwa hivyo hoja ya usalama ikaporomoka. Waliotaka makabwela wabaki kwao walilazimika kutafuta hoja nyingine, na hoja hiyo ikawa ni adabu na ladha. Haikutosha tena kufika mahali; sasa palikuwa na watu waliofaa kufika na watu ambao kufika kwao kulipaharibu.

Vita vya Italia

Mnamo 1862 kampuni za reli za Scotland zilimnyima Cook tiketi za bei nafuu. Alipofungiwa mlango huo, akapita mwingine. Mwaka wa 1863 alilipeleka kundi lake Uswisi, nchi ya milima ambayo mabwana wa Kiingereza waliokuwa na chama chao cha kupanda milima walikuwa wameifanya uwanja wao. Miongoni mwa wasafiri hao alikuwamo Jemima Morrell, mwanamke aliyeandika shajara ya safari hiyo. Aliyapanda mabonde na miamba akiwa amevaa gauni refu, bila mume wala baba wa kumsindikiza.

Mwaka wa 1864 ikawa zamu ya Italia, yaani kitovu chenyewe cha fahari ya makabaila. Hapo ndipo subira ya wakubwa ilipokatika. Mwaka wa 1865 mwandishi wa riwaya Charles Lever, aliyekuwa pia naibu wa balozi mdogo wa Uingereza mjini La Spezia, aliandika makala katika jarida la Blackwood's akitumia jina la kubuni. Alidai kwa dhihaka kwamba wasafiri wa Cook walikuwa wafungwa ambao makoloni ya Australia yamewakataa, na kwamba serikali ilikuwa ikiwatupa Italia kwa siri. Aliwafananisha na makundi ya mifugo inayoswagwa mijini. Ajabu ni kwamba mwandishi huyo alikuwa akila mshahara wa kuwahudumia Waingereza hao hao.

Cook hakunyamaza. Kupitia gazeti lake, The Excursionist, alilolianzisha mwaka wa 1851, alijibu kwamba ni upuuzi kudhani kuwa milima, maziwa na majumba ya kale yaliumbwa kwa ajili ya watu wateule. Aliuliza ni kwa haki gani mtu mmoja ajione bora kuliko mwenzake kwa sababu tu mkoba wake ni mnono. Aliwatetea wateja wake kwa kutaja kazi zao: makasisi, madaktari, walimu, wafanyabiashara wadogo, watu walioweka akiba ili waone yale waliyoyasoma vitabuni.

Hata hivyo, kejeli ilikuwa imeshika mizizi. Ni katika zama hizo ndipo Waingereza walipozidi kulipigia mstari pengo kati ya msafiri na mtalii. Msafiri alikuwa mtu wa maana anayejua anachokitazama. Mtalii alikuwa yule anayepelekwa na wakala. Watu wawili waliweza kusimama mbele ya sanamu moja, mmoja akajihesabu msafiri na mwenzake akaitwa mtalii, na tofauti yao ikawa ni aina ya tiketi tu.

Cook aliendelea kuviondoa vizingiti vilivyoulinda ukuta huo. Mwaka wa 1868 alianzisha kuponi za hoteli, zilizomwezesha mgeni kulipia malazi na chakula kabla ya kuondoka kwao, asibabaike na lugha wala bei. Katika miaka ya 1870 akaleta hati za fedha zilizopokewa katika miji mingi ya kigeni, ambazo ni mtangulizi wa hundi za wasafiri. Ujanja wa safari, ambao zamani ulikuwa siri ya wachache, ukawa bidhaa iliyouzwa dukani.

Nyuma ya mwanamfalme

Mapema mwaka wa 1869 Cook aliwapeleka wateja wake Misri na Palestina kwa mara ya kwanza, akikodi meli mbili za mvuke kuupanda Mto Nile. Ilisadifu kwamba Mwanamfalme wa Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, alikuwa mtoni humo humo na msafara wake wa kifahari. William Howard Russell, mwandishi mashuhuri wa gazeti la The Times aliyekuwa katika msafara wa mwanamfalme, aliwaandika watalii wa Cook kama watu waliokuwa wakimfuata mkuu huyo nyuma nyuma. Cook alikasirika, akamwandikia mwanamfalme mwenyewe kulalamika. Novemba mwaka huohuo alirudi na kundi jingine kushuhudia kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez, njia iliyoifupisha safari kati ya Ulaya na pwani ya Afrika Mashariki.

Mtoni Nile matabaka yalionekana kwa macho. Wenye nafasi walikodi dahabia, mashua kubwa za tanga zenye vyumba, wakakaa mtoni miezi kadhaa. Watu wa Cook walipanda meli za mvuke na kuimaliza safari kwa wiki chache. Mwandishi Amelia Edwards, aliyeupanda mto huo kwa dahabia katika msimu wa 1873 na 1874, alieleza katika kitabu chake jinsi wageni wa Cairo walivyopimana hotelini, wa dahabia wakiwatazama wa meli kwa jicho la pembeni.

Wakati huo Cook mwenyewe alikuwa ametoka kuizunguka dunia. Aliondoka Uingereza Septemba 1872, akapitia Marekani, Japani, China na India, na safari ikachukua siku 222.

Baba na mwana

Adui aliyembwaga Thomas Cook hatimaye hakuwa kabaila yeyote. Alikuwa mwanawe. John Mason Cook, aliyekuwa mshirika katika kampuni iliyoitwa Thomas Cook & Son, alikuwa mfanyabiashara stadi, mkali na mwenye macho ya mbali. Aliona kwamba babake anachanganya biashara na uinjilisti kwa kuwapunguzia bei wamishonari na kutumia fedha kwa shughuli za kanisa. Mvutano ulikua hadi mwisho wa miaka ya 1870, mzee akasukumwa kando na kubaki Leicester.

Chini ya John, kampuni iligeuka. Mwaka wa 1884 serikali ya Uingereza iliipa kazi ya kulisafirisha jeshi na mizigo kwa Mto Nile kwenda kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa Khartoum na wafuasi wa Mahdi. Jiji likatekwa Januari 26, 1885, kabla ya msaada kufika. Mwaka wa 1886 serikali ya India iliiteua kushughulikia safari za mahujaji Waislamu waliokuwa wakienda Makka. Kampuni ilijenga meli zake za kifahari za Nile, ikawahudumia wana wa wafalme wa India, na mwaka wa 1898 ikamwandalia Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani ziara ya Palestina.

Jina lililokuwa matusi katika kumbi za wakubwa likawa alama ya heshima. Wale waliodhihaki kuponi za Cook sasa walizishika wenyewe, mradi ziwe za daraja la kwanza. Hilo lilikuwa pigo la aina yake kwa ndoto ya mzee: ukuta alioubomoa kati ya nchi na nchi ulijengwa upya ndani ya chombo kimoja, kati ya sitaha ya juu na ya chini.

Miaka ya mwisho ya Cook ilijaa msiba. Novemba 1880 bintiye wa pekee, Annie, alipatikana amekufa bafuni, akiwa amevuta hewa ya sumu kutoka kwa mtambo wa gesi wa kupashia maji moto. Mkewe Marianne alifariki mwaka wa 1884. Macho yake yakapofuka. Kampuni ilipoadhimisha miaka 50 kwa karamu kubwa mjini London mwaka wa 1891, mwanzilishi wake hakuwepo. Alikuwa ameelekeza fikira zake kijijini Melbourne, alikojenga nyumba 14 ndogo kwa ajili ya maskini wa kanisa lake. Alifariki Julai 18, 1892 na kuzikwa Leicester. Mwanawe alimfuata mwaka wa 1899, baada ya kuugua maradhi ya kuhara aliyoyapata katika ziara ya Kaisari.

Hadi pwani ya Kenya

Ubwanyenye wa safari haukufa na Cook. Ulihama tu. Nile ilipojaa meli, fahari ilihamia kwingine kugumu kufikika, na miongoni mwa nchi zilizopata sifa hiyo ni hii ambayo sasa ni Kenya. Theodore Roosevelt alikuja kuwinda mwaka wa 1909 akiwa na mamia ya wapagazi, na Mwanamfalme wa Wales wa wakati huo akafuata mwaka wa 1928. Kisha ndege za kukodi zikaanza kushusha wageni wa bei nafuu Mombasa, hoteli zikaota Nyali na Diani, na wenye fedha nyingi wakajitenga katika hifadhi za kibinafsi za Laikipia na Maasai Mara.

Kampuni iliyobeba jina la Cook ilisambaratika Septemba 23, 2019, ikiwaacha watalii wapatao 600,000 wakiwa wamekwama katika nchi mbalimbali. Wakati huo, shirika la ndege la Condor, lililokuwa tawi lake la Ujerumani, lilikuwa likileta watalii Mombasa. Jina lenyewe lilinunuliwa na kurejea mwaka wa 2020 kama biashara ya mtandaoni.

Nchini Kenya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 kwa nauli ya Sh700, maelfu ya watu waliokuwa wameisikia bahari kwa masimulizi tu waliiona kwa macho yao. Wakati huohuo, waliozoea kujivunia Mombasa wakaanza kuitaja Zanzibar. Waliozoea Zanzibar wakaitaja Dubai. Na wa Dubai wakatafuta kisiwa ambacho jirani hajakisikia. Thomas Cook angeutambua mchezo huo mara moja. Wahenga walisema tembea uone, wala hawakuongeza kwamba wengine wasije wakaona nawe.